Kipimo Kisichobisha Hodi

Wapendao kulinganisha maisha ya Uingereza na ya Ujerumani hukimbilia Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu, iliyoanzishwa mwaka 1990 chini ya Mahbub ul Haq. Kipimo chake hutazama umri wa kuishi, elimu na pato. Sikidharau, kilitutoa kwenye mazoea ya kuhesabu fedha tu. Lakini hakibishi hodi kwa mpangaji.

Nusu hivi ya watu wa Ujerumani ni wapangaji, wala hawaoni haya. Mkataba wao kwa kawaida hauna ukomo, na mwenye nyumba hawezi kuwatoa bila sababu inayokubalika kisheria. Huko England, sheria ya mwaka 1988 ilimruhusu amtoe mpangaji bila kutaja sababu yoyote, kwa notisi ya miezi miwili. Miezi miwili, na watoto wako shuleni! Sheria ya kuifuta ruhusa hiyo ilipitishwa mwaka 2025.

Kwa matibabu, nakiri, Uingereza yanishinda ubishi: tangu 1948 mgonjwa hutibiwa bila kuulizwa kadi ya bima. Hata hivyo, kwa kuzeekea, mimi ningechukua chumba cha kupanga Leipzig kuliko cha London.