Zebaki iko Kahama, mkutano uko Geneva

Ukiwa mkazi wa Nyasubi hapa Kahama, huhitaji darasa la zebaki. Mchimbaji mdogo anaichanganya na mchanga uliosagwa kwenye karasha, inashikana na dhahabu, halafu lile donge linachomwa. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki, na aliyesimama jirani keshavuta. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, uchimbaji wa namna hii duniani ndio uliotoa karibu asilimia 38 ya zebaki ambayo binadamu waliiingiza hewani mwaka 2015.

Mkataba wa kuidhibiti upo. Unaitwa Minamata, ulianza kutumika 2017, na Tanzania imeuridhia. Sasa hesabu nami nchi wanachama zimekutana wapi: 2017 Geneva, 2018 Geneva, 2019 Geneva, 2022 Bali, 2023 Geneva, 2025 Geneva.

Wanaoitetea Geneva si wajinga. Sekretarieti iko pale, nchi nyingi zina wawakilishi wa kudumu pale, wakalimani hawatafutwi kwa tochi. Panafaa. Ila panamfaa nani?

Hapa sisi watu wa takwimu tunaguna. Ukiwauliza waliohudhuria kama mji unafaa, watakwambia unafaa, maana usiowafaa hawapo ukumbini kujibu. Ni kama kupanda basi ukawauliza abiria kama nauli inalipika! Hata ukitafuta mji unaopunguza jumla ya kilomita, ukitumia orodha ya waliokuja mwaka jana hesabu inakurudisha kulekule. Kosa haliko kwenye kujumlisha, liko kwenye sampuli.

Mchukue mchimbaji anayetaka kueleza kwa nini kifaa cha kunasa mvuke hakitumiki mwaloni. Viza ya Schengen ni yuro 90, bado tiketi, na anatakiwa aonyeshe taarifa ya benki wakati yeye anauza dhahabu kwa fedha taslimu. Kwenda Kenya hahitaji viza. Tena makao makuu ya UNEP, shirika linalotoa sekretarieti hiyohiyo, yako Nairobi, na kumbi za mikutano zipo.

Kuhama peke yake hakumpi mtu kiti, nakubali. Kuingia ukumbini kuna taratibu zake. Lakini mara ile moja walipokwenda Indonesia, nchi yenye wachimbaji wadogo kama wetu, mwenyeji alileta Azimio la Bali dhidi ya biashara haramu ya zebaki. Mimi sidhani kama ilikuwa bahati tu.