UHAKIKI: Pete ya Kaisari na Muhuri wa Ofisini

Muhula huu niliwapa wanafunzi wa tafsiri aya ya Suetonius, mwandishi wa Kirumi, kuhusu mihuri ya Kaisari Augusto. Kwanza Augusto alitumia muhuri wenye sura ya sfinksi, kisha ya Aleksanda Mkuu, na mwishowe sura yake mwenyewe, kazi ya fundi Dioscurides. Nilizisahihisha tafsiri hizo nyumbani Kibagabaga, na ningependa tuzijadili kwa faida ya wote.

Kisarufi nyingi zilikuwa safi. Tatizo lilikuwa katika maana. Karibu wote waliandika kwamba Augusto "aligonga muhuri". Kwa msomaji wa Kigali aliyezoea kashe, maneno hayo yanaleta picha ya mpira na wino. Muhuri wa Augusto ulikuwa kito kigumu kilichochimbwa sura na kukandamizwa kwenye nta au udongo laini. Sura iliyozama katika jiwe ilitokea imeinuka kwenye nta, na kulia kukawa kushoto. "Alitia muhuri" ingefaa zaidi.

Kosa la pili ni "picha iliyochorwa juu ya jiwe". Leo neno kuchora linatukumbusha kalamu na rangi. Isitoshe, kuna vito vya aina mbili. Katika Gemma Augustea, iliyoko Vienna, fundi alipunguza jiwe pembeni ili sura zisimame. Hicho ni kito cha kutazamwa. Cha muhuri huchimbwa kwenda ndani. Anayesema "kuchora" kwa vyote viwili amefuta tofauti hiyo.

Wachache waliandika "pete ya urembo". Hapa maana imepotea kabisa, kwani pete hiyo ilikuwa saini. Pliny Mkubwa anaeleza kuwa Augusto alikuwa na pete mbili za sfinksi zilizofanana, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe marafiki zake walitumia moja kutia muhuri barua na amri kwa jina lake.

Mwanafunzi mmoja alitumia "lakiri". Lakiri ni ya nyakati za baadaye, lakini nilimpongeza: alikuwa amekitafuta kitu chenyewe, si neno tu.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na wahitimu wetu watatafsiri hati ambazo haki za watu zinazitegemea. Walimu wenzangu, kabla mwanafunzi hajafungua kamusi, tumwulize kwanza: kitu hiki kinafanyaje kazi?