Mzungu wa Tatu wa Msambweni

Karata zenye nambari hazimsumbui mtu. Sita ni sita, nne ni nne. Kazi huanza kwenye zile zenye sura za watu. Wanaojifunza tarot, karata 78 ambazo Ulaya na Marekani hutumiwa kutazamia mambo, hukwama papo hapo. Kati ya hizo 78, karata 16 ni za watu wa kasri: mfalme, malkia, mpanda farasi na mtumishi, kwa kila aina kati ya aina nne. Karata ya mnara unaoporomoka inajieleza yenyewe. Mtu aliyesimama kimya na kikombe mkononi hajielezi. Ndiyo maana wajuzi wa tarot humpa mwanafunzi ushauri huu: mtafute mtu unayemjua, umkabidhi karata hiyo, kisha umtazame yeye badala ya picha.

Kwale, pwani ya Kenya, ina watazamiaji wake, wa ramli na wa mburuga, na hawahitaji karata. Lakini ushauri ule unafaa barazani tunapochezea karata, na wala si wa kuazima kutoka mbali. Tarot yenyewe ilianza kama mchezo, Italia ya kaskazini, katika karne ya 15. Kutazamia kulikuja baadaye sana, Ufaransa, karne ya 18. Aina zake nne ni vikombe, dhahabu, panga na magongo. Wareno walicheza kwa aina hizo hizo, na majina yao ndiyo tunayoyatamka hadi leo tukisema kopa, uru, shupaza na pao. Kwa hiyo mzee anayechanganya karata chini ya mwembe Msambweni na mama wa London anayezipanga kwenye kitambaa cha hariri wameshika watoto wa nyumba moja.

Wachezaji wa zamani wa pwani huziita karata za sura wazungu. Malkia ni mzungu wa pili, ghulamu ni mzungu wa tatu, mfalme ni mzungu wa nne. Majina hayo ni hesabu za mchezo wa wahed wa sitini: malkia ana pointi 2, ghulamu 3, mfalme 4. Juu yao wapo wakubwa wawili wasio na sura: ree yenye 11 na seti, yaani saba, yenye 10. Nane, tisa na kumi hutolewa kabla ya kuchanganya, na nambari ndogo zilizobaki hazina pointi yoyote. Kila aina ina pointi 30, zote nne ni 120, na mwenye 61 ameshinda. Mtoto anayefundishwa mchezo huu hushangaa mambo mawili: kwamba saba inamla mfalme, na kwamba ghulamu yuko juu ya malkia.

Nikiambiwa nimtafutie mzungu wa tatu mtu wake, simtafuti mbali. Ni mzee mmoja wa Msambweni aliyefanya kazi kwenye mizani ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Ramisi, hadi kilipofungwa mwaka 1988. Hakuwa meneja, hakuwa mkulima. Trekta iliingia na mzigo ikapimwa, ikatoka tupu ikapimwa tena, na tofauti ya hesabu mbili ndiyo miwa. Mkulima alimtazama usoni, meneja alimtazama karatasini, naye kazi yake ilikuwa kutompendelea yeyote.

Mtazame akigawiwa. Vijana hupanga karata zao kwa aina, kopa na kopa, shupaza na shupaza, turufu upande wa kulia. Mpinzani makini hahitaji zaidi ya hapo: akiona karata imechomolewa upande gani, amejua kilichobaki. Mzee hapangi. Anaziacha zilivyokuja, anazitazama mara moja, anazifunga mkononi kama mtu aliyeshika risiti. Anapotaka kutupa hafungui mkono wote, anafungua pembe tu.

Hapigi meza. Kwenye baraza nyingi turufu huangushwa kwa kishindo hadi vikombe vya kahawa vinaruka. Yake inatua polepole, na kila karata inatua kwa mwendo ule ule, iwe ree au tatu ya pao. Huchukua muda sawa kutupa karata rahisi na karata ngumu. Anayesita anasema. Mzee amejifunza kutosema, naye anawasikia wanaosema. Kijana wa kushoto akisita mara mbili kopa zinapochezwa, mzee ameshajua ree ya kopa iko wapi.

Lakini ufundi wake hasa uko kwenye sura. Wengi wetu hucheza tukiwinda ree na seti, na ni kweli kwamba karata nane hizo zina pointi 84 kati ya 120. Tatizo ni kwamba kila mtu anaziwinda, kila mtu anazilinda, na mara nyingi zinagawanyika sawa: ree mbili na seti mbili huku, ree mbili na seti mbili kule, 42 kwa 42. Hapo mchezo wote unabaki mikononi mwa wazungu. Sura zote 12 zina pointi 36. Upande ukipata 18 ni sare ya 60 kwa 60, ukipata 19 umeshinda. Mzungu wa tatu mmoja, aliyetupwa ovyo dakika kumi zilizopita kwa sababu hakuonekana kuwa na thamani, ndiye aliyebeba ushindi.

Kwa hiyo mzee hahesabu alichokula. Anahesabu kilichobaki, kwa kutoa, kama alivyofanya kwenye mizani. Ukimuuliza katikati ya mchezo wana pointi ngapi, hana jibu la haraka. Ukimuuliza ni sura zipi hazijatoka, anakutajia moja baada ya nyingine. Mwenzake akiwa anakula mkono kwa turufu kubwa, ndipo mzee anapomtoa ghulamu wake na kumweka pale, pointi 3 zinaingia kibindoni mwa upande wao bila yeye kushinda chochote kwa jina lake. Hasubiri ghulamu ale. Ghulamu hali sana katika mchezo huu, wakubwa wake ni wengi. Kazi yake ni kufika salama mahali pa kuliwa na mwenzake.

Hilo ndilo nililolielewa kwa kumtazama mtu, na picha isingenieleza. Kwenye karata ghulamu ni kijana aliyevaa vizuri, na ukimtazama tu utadhani anangoja kupanda cheo. Mzee anamcheza kama mtu aliyekwisha kuijua nafasi yake na kuiheshimu. Thamani yake ni 3, haitaongezeka, na inatosha kama ikitolewa kwa wakati.

Kuna adabu pia inayokwenda na ufundi huu. Hapachezwi kwa pesa, kwani kamari ni haramu na wazee hawana mchezo katika hilo. Adhana ikiingia karata hufunikwa hata kama mtu ana turufu tatu mkononi. Kukonyezana na mwenzako kumekatazwa, na mzee hahitaji. Akicheza na mtu asiyemjua vizuri, michezo ya kwanza anaipoteza bila kinyongo, akimsoma mwenzake kuliko anavyowasoma wapinzani. Mwenzake akikosea hamkemei. Humwambia tu, "Mwenehu, ghulamu wa uru alikuwa hajatoka," kisha huchanganya upya.

Vijana wa Ukunda na Diani sasa wana michezo yao ya haraka, wengine kwenye simu, na sina ugomvi nayo. Ila wahed wa sitini haufundishwi na simu, kwa kuwa simu inakuhesabia, na kuhesabu ndiko kwenyewe. Kama una karata nyumbani, toa nane, tisa na kumi, tafuta watatu, na umwombe mzee mmoja akae nyuma yako. Muulize swali moja tu baada ya kila mchezo: ni mzungu gani niliyemtupa mapema? Akikujibu, usibishane naye.