Zeidler: Ramani ya Jina la Mrina Asali

Ukitazama ramani ya majina ya koo ya Ujerumani na kulitafuta jina Zeidler, utakutana na jambo lisiloafikiana na vitabu vya historia. Zeidler, katika Kijerumani cha zama za kati, alikuwa mrina asali wa msituni. Vitabu vinasema makao makuu ya kazi hiyo yalikuwa Nürnberg, katika msitu wa kifalme unaouzunguka mji huo. Ramani haielekezi huko. Jina limesongamana mashariki zaidi: Saksonia, hasa eneo la Oberlausitz karibu na mji wa Bautzen, kisha ukanda wa milima ya Fichtelgebirge unaopakana na Ucheki. Kaskazini-magharibi, ambako asali nako ilirinwa kwa karne nyingi, ni adimu mno. Nani kakosea, ramani au vitabu?

Tuanze na kazi yenyewe, maana jina la kazi halieleweki mpaka ujue mwenyewe alishika nini mkononi. Zeidler hakufuga nyuki uani kwake. Alipanda kwa kamba msonobari mkubwa ulio hai, akafika mita tano au sita juu, na huko akachonga shimo refu ndani ya shina. Alikata kilele cha mti ili upepo usiuvunje pale ulipodhoofishwa, akaliziba shimo kwa ubao wenye tundu la kupitia nyuki, akachora alama yake kwenye gome. Kundi likishahamia, alirudi kwa msimu wake kukata sehemu ya masega na kuwaachia nyuki yaliyobaki. Msomaji wa Tabora au Kitui anayeujua mzinga wa gogo unaotundikwa mtini ataona undugu wa kazi hizi mbili. Lakini kuna tofauti ya msingi. Gogo hushushwa na kuhamishwa, ilhali mzinga wa Zeidler ni mti wenyewe. Mti hauhami, na mwenye msitu ni mfalme, kabaila au monasteri. Kwa hiyo Zeidler, tangu mwanzo, alikuwa mtu wa hati, kodi na mahakama, na watu wa namna hiyo ndio makarani huwaandika.

Nürnberg ndiko walikoandikwa vizuri kuliko kwingine kote. Msitu wake uliitwa bustani ya nyuki ya Dola Takatifu ya Kiroma. Mwaka 1350 Mfalme Karl IV, ambaye miaka mitano baadaye alitawazwa kuwa kaizari, aliwathibitishia warina asali haki zao kwa hati rasmi. Walikuwa na mahakama yao katika kijiji cha Feucht, kusini-mashariki mwa mji, na kwa malipo ya haki hizo walitakiwa kumtumikia mfalme wakiwa na pinde nzito za kufyatulia. Faida ilikuwa kubwa. Nta ilikwenda makanisani kwa mishumaa, na asali ilikwenda kwa waokaji wa Lebkuchen, mikate mitamu ya viungo ambayo Nürnberg inasifika kwayo hadi leo. Kijiji cha Feucht kina makumbusho ya kazi hiyo.

Mfuatiliaji mwenye haraka akisoma hayo huhitimisha kwamba kila Zeidler duniani asili yake ni Feucht. Hitimisho hilo ni rahisi mno, na ushahidi wa lugha ndio wa kwanza kulitikisa.

Neno la kale lilikuwa na irabu ndefu ya i: zīdalāri katika Kijerumani cha kale kabisa, kisha zîdelære. Kuanzia karne ya 12, katika lahaja za kusini-mashariki, irabu hiyo ilianza kupanuka na kuwa sauti mbili zilizoungana, ile inayoandikwa ei. Badiliko hilo likapanda kuelekea Franken na Saksonia. Lahaja za kaskazini hazikulifuata, wala zile za Uswisi. Umbo Zeidler, basi, limebeba alama ya mahali: limepita katika vinywa vya watu wa kusini-mashariki au wa kati.

Konsonanti nayo ina habari yake. Katika lahaja nyingi za eneo hilo, d na t zilipoteza tofauti yake masikioni. Karani aliyesikia jina alilazimika kuchagua herufi, na makarani wa kila jimbo walikuwa na mazoea yao. Katika Oberpfalz, mashariki mwa Bavaria, waliandika Zeitler. Hata majina ya vijiji yanashuhudia mazoea hayo: Zeitlarn karibu na Regensburg linatokana na neno lile lile, maana yake kwa warina asali, na kusini zaidi kuna Zeilarn.

Sasa rudi kwenye ramani, ujumlishe Zeidler na Zeitler. Bavaria mashariki, iliyoonekana kama pengo, inajaa. Sehemu kubwa ya ule mvutano kati ya ramani na vitabu ilikuwa ya tahajia tu. Anayechunguza jina kwa umbo moja la maandishi anachunguza mwandiko wa makarani, na hapo ndipo chunguzi nyingi za kifamilia zinapokwama. Kuna pia hatari ya upande wa pili: Seidler. Kwa sikio na kwa mwandiko wa zamani linafanana sana na Zeidler, lakini chimbuko lake ni jingine, na halifai kujumlishwa humo hata kidogo.

Kaskazini-magharibi je? Hapo jibu liko kwenye mimea. Katika nyika za Lüneburg hakukuwa na misitu mikubwa ya misonobari mizee ya kuchongwa. Kulikuwa na vichaka vya maua ya nyikani, na nyuki walifugwa katika vikapu vya majani makavu vilivyofunikwa juu chini na kubebwa kufuata maua. Mfugaji huyo aliitwa Imker, kutoka Imme, neno la kaskazini kwa nyuki au kundi lao. Neno hilo ndilo lililoshinda: leo mfugaji nyuki popote Ujerumani anaitwa Imker. Kwa hiyo jina Zeidler linakosekana huko kwa sababu kazi yenyewe, kwa namna ile, haikuwako.

Mashariki kabisa, Brandenburg hadi Prussia, mrina asali wa mitini aliitwa zaidi Beutner, kutokana na Beute, lile shimo lililochongwa. Karibu na Ortelsburg katika Prussia Mashariki kulikuwa na Beutnerdorf, kijiji cha warina asali waliotoka Mazovia. Mji huo leo ni Szczytno, Poland, na Wapolandi wanaiita sehemu hiyo Bartna Strona. Bartnik ni mrina asali wa mitini kwa Kipolandi, na ni jina la ukoo pia. Kazi hii haikuwa ya Wajerumani peke yao. Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha urithi wa ufugaji nyuki mitini kwa jina la Poland na Belarus.

Hapo tunafika kwenye kielelezo ninachokithamini kuliko vyote katika kesi hii. Kaskazini mwa Bohemia, hatua chache kutoka mpaka wa Saksonia, kuna kijiji ambacho Wacheki wanakiita Brtníky. Brtník kwa Kicheki ni mrina asali wa mitini. Wajerumani walikiita Zeidler. Majina mawili ya lugha mbili yanasema jambo moja kuhusu msitu mmoja, na hilo linathibitisha kwamba kazi ilikuwako hapo, katika eneo ambalo jina la ukoo limesongamana. Lakini kielelezo hicho hicho kinaleta ugumu mpya. Mtu aliyetoka kijiji cha Zeidler na kuhamia mji wa Saksonia angeweza kuandikwa Zeidler kwa sababu ya kijiji chake, hata kama hakuwahi kupanda msonobari. Sehemu fulani ya msongamano wa Oberlausitz huenda ni jina la mahali lililovaa sura ya jina la kazi.

Kuna sababu nyingine ambayo naiona ya msingi. Majina ya koo ya Kijerumani hayakutungwa siku moja. Yalianza kushika katika miji ya magharibi na kusini karne ya 12, yakafika vijijini na mashariki polepole hadi karne ya 15 na baadaye. Jina lilihitajika kumtofautisha Hans mmoja na Hans mwingine. Müller, msagaji, ndilo jina linaloongoza Ujerumani kwa sababu kila kijiji kilikuwa na kinu, na kwa kawaida msagaji alikuwa mmoja. Katika kijiji ambacho nyumba nyingi zinaishi kwa asali, kumwita mtu Zeidler hakumtofautishi na jirani. Anaitwa hivyo akitoka pale, akafika mahali ambapo warina asali ni wachache. Ndiyo maana naona ni sahihi zaidi kutazama kingo za misitu, na miji iliyopokea watu kutoka misituni, kuliko kitovu cha kazi chenyewe. Misitu ya Muskau na Görlitz, kaskazini mwa Oberlausitz, ilikuwa na warina asali wengi, na miji ya Bautzen na Görlitz iko kando yake.

Neno sasa kuhusu ramani zenyewe. Chombo kikuu ni Deutscher Familiennamenatlas, kazi ya juzuu saba iliyohaririwa na Konrad Kunze na Damaris Nübling, iliyotoka kati ya 2009 na 2018. Data yake ni orodha ya simu za mezani ya mwaka 2005, takriban namba milioni 28, kabla simu za mkononi hazijazimaliza za mezani. Ni data nzuri kwa wingi wake, ila ina mitego miwili. Wa kwanza ni idadi tupu: Berlin itaonekana kitovu cha karibu kila jina, kwa kuwa Berlin ina watu wengi. Dawa yake ni kuhesabu uwiano kwa idadi ya wakazi, na hapo Bautzen hujitokeza.

Mtego wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu ni historia ya watu walioteseka. Baada ya 1945 Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au kufukuzwa kutoka Silesia, Prussia Mashariki, Bohemia na kwingineko, wakatawanywa katika Ujerumani iliyobaki. Karibu milioni tatu walitoka Bohemia na Moravia pekee. Zeidler wa Bavaria katika orodha ya 2005 anaweza kuwa mjukuu wa mtu wa Silesia aliyeshuka kwenye behewa la wakimbizi mwaka 1946. Ramani ya simu haiwezi kumtenganisha na yule ambaye mababu zake hawakuondoka Fichtelgebirge.

Ili kuuvuka mwaka 1945, watafiti hutumia orodha za askari waliouawa, kujeruhiwa au kupotea katika Vita Kuu ya Kwanza. Zilichapishwa na dola yenyewe, na zina mamilioni ya majina pamoja na mahali askari walikotoka. Wanachama wa chama cha nasaba cha CompGen walizinakili kwa kujitolea ili ziweze kutafutwa kwa kompyuta. Ni kazi ya subira isiyo na malipo, na bila hiyo somo hili lingekuwa maskini. Wengi wa askari hao walizaliwa kati ya 1870 na 1900, kwa hiyo tunaiona Ujerumani kabla ya mtawanyiko.

Kazi ya Zeidler ilikufa zamani kabla ya hapo. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliharibu vijiji na kuwaua watu. Matengenezo ya Kanisa yalipunguza mahitaji ya mishumaa ya nta, na mabwana misitu wakaanza kutaka mbao nzima, si shina lenye shimo. Sukari ilimalizia. Mwaka 1747, mjini Berlin, Andreas Marggraf alionyesha kwamba kiazisukari kina sukari ile ile ya muwa, na mwaka 1801 Franz Carl Achard akaanzisha kiwanda huko Cunern, Silesia. Oberlausitz ilishikilia kwa muda: mchungaji Adam Gottlob Schirach wa Klein Bautzen alikuwa nguzo ya chama cha wafuga nyuki kilichoundwa mwaka 1766, na kitabu chake kuhusu ufugaji wa msituni kilitoka baada ya kifo chake. Neno likatoka midomoni, jina likabaki madaftarini.

Wenye jina walifika mbali. Othmar Zeidler, mzaliwa wa Vienna, alitengeneza DDT kwa mara ya kwanza akiwa Strasbourg mwaka 1874, miaka 65 kabla Paul Müller hajagundua kwamba inaua wadudu. Frank Zeidler alikuwa meya wa Milwaukee, mji wa Marekani uliojaa wahamiaji wa Kijerumani, kuanzia 1948 hadi 1960. Mwanahisabati Eberhard Zeidler alizaliwa Leipzig na kufia Leipzig, ndani ya Saksonia ile ile ambayo ramani inaionyesha.

Kwa anayefuatilia ukoo wa jina hili, hati zinazotenganisha kazi na kijiji ni zile za karne ya 14 na 15, kabla jina halijagandamana. Mbele ya neno, karani wakati mwingine aliacha alama ndogo. Akiandika der Zeidler, anamtaja mtu kwa kazi yake. Akiandika von Zeidler kwa mtu wa kawaida wa mjini, anataja alikotoka. Madaftari ya parokia, ambayo wengi huanza nayo kwa kuwa yamehifadhiwa vizuri, yamechelewa mno kwa swali hili: yalianza karne ya 16, mengi yaliyosalia ni ya baada ya 1650, na humo alama hiyo ndogo ilikwisha kuanguka.