Kuupima mtandao wa ndani wa chuo huria kutokea Kaliua

Mtandao wa ndani wa chuo kinachofundisha kwa masafa ni mifumo kadhaa iliyofichwa nyuma ya mlango mmoja: daftari la usajili, ada na matokeo, jukwaa la masomo, maktaba, barua pepe, na mfumo wa kumtambua anayeingia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992 na chenye makao makuu Kinondoni, Dar es Salaam, hutumia SARIS kwa kumbukumbu za wanafunzi na Moodle kwa masomo. Mwanafunzi wa chuo cha aina hiyo huweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi Kaliua, zaidi ya kilomita 100 magharibi ya mji wa Tabora, pale reli ya kati inapotoa tawi la kwenda Mpanda. Kazi ya mafundi hupimwa kutokea huko. Makao makuu kila ukurasa hufunguka upesi, hata ule ulioundwa ovyo.

Hesabu ya kwanza ni ya umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 1,000 hivi za kutoka Kaliua hadi Dar es Salaam huchukua milisekunde 5, kwenda na kurudi 10. Seva ikiwa Ulaya, njia ya kebo ya zaidi ya kilomita 10,000 hudai milisekunde 100 kabla kazi yoyote haijafanyika. Mtu hazihisi. Huanza kuzihisi ukurasa unapotuma ombi, ukangoja jibu, ukatuma jingine: safari 40 za kufuatana hugeuza milisekunde 100 kuwa sekunde 4, na mnara wa simu uliolemewa jioni huongeza zake. Kwa hiyo mpimaji mzoefu haanzi na kuuliza ukubwa wa seva. Hufungua ukurasa wa kuingilia kwa simu janja ya bei nafuu ambayo haijawahi kuutembelea, kisha huhesabu maombi yaliyotumwa na kilobaiti zilizopakuliwa.

Kilobaiti hizo hulipiwa kwa bando. Mhadhara wa saa moja kwa video ya megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450; sauti yake peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hula MB 14.4. Jukwaa lililotengenezwa kwa kumjali mtumiaji huweka zote mbili pamoja na maelezo ya maandishi, na hutaja uzito wa faili kabla halijabonyezwa. Kitini kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ni dalili mbaya: ni kizito, na neno halitafutiki ndani yake. Programu ya simu ya Moodle huruhusu somo kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Mara nyingi walimu hawajui, wakapanga masomo kwa namna ambayo hakuna kinachopakulika.

Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliweka shehena Unyanyembe, kwenye matembe ya Tabora na Kwihara, ili kila hitaji lisirudishe watu pwani. Kache, yaani hifadhi ya nakala karibu na mtumiaji, hufanya kazi hiyo. Nembo, mitindo ya kurasa na vitini visivyobadilika hukaa kwenye simu yenyewe au kwenye seva iliyo karibu, na chuo chenye kituo mkoani kinaweza kuweka nakala ya vitini hapo. Lakini ukurasa wa matokeo haupaswi kamwe kuingia kwenye kache ya pamoja. Jaribio lake ni rahisi: watu wawili waingie, mmoja baada ya mwingine, kwa kutumia kompyuta moja ya maktaba. Wa pili akiona jina la wa kwanza, upimaji uishie hapo.

Nyuma ya mlango, Moodle ina sehemu tatu: msimbo wa PHP unaotengeneza kurasa, kanzidata kama PostgreSQL au MariaDB, na ghala la mafaili. Ghala hilo limebuniwa kwa akili. Kila faili hupewa jina linalotokana na yaliyomo, kwa hiyo kitini kilekile kikipakiwa na walimu kumi huhifadhiwa mara moja tu. Mfumo mdogo huweka sehemu zote kwenye mashine moja na hakuna ubaya. Kuigawa kazi kabla ya haja ni kujitakia matengenezo. Watumiaji wakiongezeka, seva za kurasa huwa mbili au tatu, na hapo ndipo kazi ya haraka huumbuka. Kumbukumbu ya nani ameingia ikiwa ndani ya seva mojawapo, mwanafunzi hutupwa nje kila anapoelekezwa kwa nyingine. Inatakiwa ikae mahali ambapo seva zote zinaifikia, kama kanzidata au Redis. Mchana wa kawaida hauonyeshi kasoro hii. Usiku wa mwisho wa kukusanya kazi huionyesha.

Utambulisho ukaguliwe kwa swali moja: mwanafunzi akibadili nenosiri, anabadili mara ngapi? Jibu zuri ni mara moja, kwa sababu mifumo yote humuuliza mtambuzi mmoja kupitia itifaki kama LDAP au SAML. Vivyo hivyo kwa ada. Malipo yaliyopokelewa yanapaswa kufungua masomo bila karani kunakili majina kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Karani mwenye karatasi ya Excel katikati ya mifumo miwili ni sehemu ya usanifu, hata kama mchoro haumwonyeshi.

Mtihani ndio unaostahili kukaguliwa kwa muda mrefu zaidi. Umeme wa Kaliua ukikatika mwanafunzi akiwa swali la 14, mfumo mzuri unakuwa umekwisha kuhifadhi majibu 13 ya mwanzo. Moodle huhifadhi majibu ya jaribio yenyewe kila baada ya muda mfupi, mradi msimamizi hajazima kipengele hicho. Mpimaji huchomoa laini ya simu katikati ya jaribio, husubiri dakika tano, hurudi kwa simu nyingine, kisha hutazama kilichobaki. Halafu saa. Seva iliyosetiwa kwa saa za Greenwich na kuambiwa ifunge 23:59 itafunga saa 8:59 usiku wa Afrika Mashariki, na ikikosewa upande wa pili itafunga mapema. Tangazo linalosema «mwisho saa 12:00» kwa msomaji wa Kiswahili laweza kuwa jioni au alfajiri, na pengine mwandishi alikusudia saa sita. Neno la mchana, jioni au usiku kando ya saa halina gharama, lakini mifumo mingi hailiweki.

Kuhusu nakala za akiba, kanuni ya mafundi ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa jengo jingine. Karatasi inayosema zipo haitoshi. Iombwe moja irejeshwe kwenye mashine tupu, na muda uandikwe. Kanzidata na ghala la mafaili virejeshwe pamoja, la sivyo orodha ya vitini itakuwepo na vitini vyenyewe havifunguki.

Mwisho ni kumbukumbu za matukio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wanaotunza majina, namba za simu na matokeo, pamoja na upelekaji wa taarifa nje ya nchi. Kila alama inayobadilishwa iache mstari wa kumbukumbu unaoonyesha ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi, nani ameibadili na lini. Na anayeendesha seva asiwe na uwezo wa kuufuta mstari huo peke yake.