Kulegeza Uzi Mmoja Hakutoshi

Kuna uongo mdogo unaouzwa pamoja na ukulele siku hizi: ati ukitaka kupiga kī hōʻalu, ule mtindo wa Hawaii wa nyuzi zilizolegezwa, kazi yako ni kushusha uzi mmoja tu. Chukua uzi wa A, ushushe hadi G, nyuzi nne ziwe G, C, E, G, na basi, umeshafika Honolulu. Nimejaribu. Ukipitisha vidole bila kubonyeza chochote unapata sauti tamu, zimepatana kama kwaya iliyofanya mazoezi. Lakini utamu huo ni wa nyuzi, si wako, na baada ya dakika tano unachosha.

Kī hōʻalu maana yake ni kulegeza ufunguo, ule wa kukazia nyuzi. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1793 nahodha George Vancouver alimletea mfalme Kamehameha wa Kwanza ng'ombe. Wakazaana hadi wakawa kero, na katika miaka ya 1830 Kamehameha wa Tatu akaita wachunga ng'ombe kutoka Meksiko waje kufundisha watu wake kazi. Wachungaji wale walikuja na magitaa, na walipoondoka mengine yakabaki. Wenyeji hawakuyapiga kama wageni. Walizipanga nyuzi upya zifuate nyimbo zao wenyewe. Ukulele ilizaliwa baadaye, kutokana na vigitaa vidogo vya watu wa Madeira waliofika Honolulu na meli ya Ravenscrag mwaka 1879. Kwa hivyo mtindo huu ulilelewa na gitaa, na hilo lina gharama yake.

Sikiliza gitaa linavyofanya. Kidole gumba kinashika besi na kutembea kwa mwendo uleule, hakiharakishwi na mtu. Vidole vingine vinaimba juu yake, mara vinachelewa kidogo, mara vinatangulia. Mpangilio unaojulikana zaidi, ambao jina lake ni shamba la nduma, una D, G, D, G, B, D, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Sasa angalia nne za mwisho: D, G, B, D. Zipandishe zote kwa kipimo kimoja, unapata G, C, E, G. Kumbe ukulele iliyolegezwa ni gitaa lilelile, ila nyuzi mbili nene zimeondolewa. Na hizo mbili ndizo kidole gumba kinazozitegemea zaidi.

Tena kuna shida nyingine. Kwenye ukulele ya kawaida, uzi ulio karibu na kidevu chako si mzito. Ni G ya juu. Ukishalegeza uzi wa A, huo na ule wa chini kabisa vinatoa sauti ileile moja. Kidole gumba kinashuka kutafuta besi, kinakutana na kidole cha pete. Wengi wanaweka uzi wa G ya chini, na kusema ukweli inasaidia. Lakini wapo wanaougonga kwa nguvu wakilazimisha besi ambayo haipo, na muziki unatembea kama mtoto ndani ya viatu vya babake.

Jibu bora ninalolijua lilitoka kwa mtu ambaye hakujulikana kwa kulegeza nyuzi hata kidogo. Eddie Kamae alikuwa fundi wa ukulele aliyependa jazi na midundo ya Kilatini, na muziki wa kwao aliuona mwepesi mno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akakutana na Gabby Pahinui huko Waimānalo, yule ambaye rekodi yake ya Hiʻilawe ya miaka ya 1940 iliipeleka kī hōʻalu kwenye santuri. Walipiga pamoja, na Kamae akageuka. Wakaunda kundi la Sons of Hawaii, Joe Marshall akishika besi. Sikiliza ukulele ya Kamae humo. Haiigi gitaa la Pahinui. Inasubiri, inaokota sauti mbili tatu, inanyamaza. Hapo ndipo kuna kulegea kwenyewe, manake mkono wake hauna haraka ya kujaza kila pengo.

Kwani yote haya yana uzito gani? Mwaka 1896, miaka mitatu baada ya malkia Liliʻuokalani kupinduliwa, sheria iliondoa Kihawaii kama lugha ya kufundishia shuleni. Nyimbo zikabaki kuwa mahali pamoja ambapo lugha iliendelea kupumua. Familia zilificha mipangilio yao ya nyuzi kama dawa ya ukoo. Wapo waliovuruga nyuzi kabla ya kuweka gitaa chini ili mgeni asichungulie. Keola Beamer alipochapisha kitabu cha mafunzo mwaka 1973, mlango uliofungwa muda mrefu ulifunguliwa kwa yeyote. Mlango huo si wa kuuzwa kama ujanja wa dakika tano.

Sisemi watu wa mbali wasipige. Mimi niko Nairobi na napiga. Lakini muziki huu ulikua ukisindikiza mwimbaji, na mstari wa Kihawaii ndio unaoambia kidole wapi kitulie. Kati ya ubeti na ubeti kuna kipande kifupi cha kuvusha wimbo, na mpigaji asiyejua maneno hukipiga popote anapochoka.

Kwa hivyo nikisikia ukulele ya namna hii, siulizi nyuzi zimepangwaje. Nasikiliza kama mpigaji anajua ubeti unaishia wapi, na kama anaweza kuacha pengo la besi likae wazi. Asipoweza, hata akilegeza nyuzi zote nne, mimi nitasikia sebule ya hoteli tu.