Majina Yafananayo: Uhakiki wa Namna Majina ya Miji Yanavyoelezwa

Hakuna sehemu ya elimu ya lugha impendezayo mtu asiye mtaalamu kama asili ya majina ya mahali, wala hakuna sehemu iliyoharibiwa zaidi na mapenzi hayo. Mtu akifungua ramani ya Afrika ya Mashariki na ya Kati akakuta jina moja limeandikwa mara tatu au nne, papo hapo huona safari: watu fulani walihama, wakabeba jina la kwao, wakalitua walikotua wenyewe. Maelezo ya namna hii hukutwa katika vitabu, na husikika barazani pia. Pengine ni ya kweli. Lakini kufanana kwa majina ni jambo litakalo kuelezwa. Halitoshi kuwa maelezo ya jambo jingine. Mwanahistoria akilitumia kama shahidi kabla halijahojiwa, anajenga nyumba juu ya mchanga wa ufuoni.

Kilwa ndiyo ifaayo kutangulia. Katika wilaya moja ya Mkoa wa Lindi ziko Kilwa tatu: Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Ya kwanza ni mji wa kale wa masultani, aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331 na Wareno wakauteka mwaka 1505. Ya pili ni mji wa bara uliostawi katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Ya tatu ndiyo makao ya wilaya leo. Uhusiano wa majina haya hauna shaka: nchi ni moja, na neno la pili limewekwa ili kutenga mji na mji, moja kwa kisiwa chake, moja kwa mti wa mvinje, moja kwa masoko yake.

Wenyeji wamefanya kazi yao vizuri. Kosa ni la waandishi waliolifuta neno la pili. Katika taarifa nyingi za Wazungu wa karne ya 19 imeandikwa Kilwa tupu, na msomaji wa leo, aliyekwisha kuona picha za Msikiti Mkuu na Gereza, hudhani kwamba misafara iliishia penye magofu yale. Sivyo, iliishia Kivinje, na majahazi yalipakia Kivinje. Kwa kupunguza neno moja tu, mashaka ya mji mmoja yamehesabiwa katika mji mwingine. Na jambo hili lina matokeo hata sasa, kwani Kilwa Kisiwani, pamoja na Songo Mnara, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuta zake zimetengenezwa kwa fedha na uangalifu. Kivinje ni mji mdogo uliopoa, na majumba yake ya mawe yanaporomoka moja baada ya moja. Mgeni aulizapo habari za biashara ya watumwa ya Kilwa, huvushwa kwa mashua kupelekwa mahali pasipo penyewe.

Mbali na hizo tatu, iko Kilwa ya Ziwa Mweru, nayo ni mbili: mji mdogo katika ufuo wa Kongo, na kisiwa kilichomo upande wa Zambia. Hapa ndipo kishawishi kinapozidi nguvu. Inajulikana kwamba wafanyabiashara wa pwani walifika nchi ya Kazembe katika karne ya 19. Basi ni nini kilicho rahisi kuliko kusema kwamba waliliacha jina la bandari yao kandokando ya ziwa? Lakini kisiwa kile cha Mweru kimeandikwa pia Chilwa, na katika Chinyanja chilwa ni kisiwa, kama lionyeshavyo Ziwa Chilwa la Malawi. Kiambishi chi- cha lugha hizo ni ki- cha Kiswahili. Kisiwa kuitwa kisiwa na watu wakaao karibu nacho hakuhitaji msafara wa mtu yeyote kutoka pwani. Mwenye kutaka kuwaleta Waswahili hapo ni juu yake kuleta ushahidi mwingine.

Je, Kilwa ya pwani nayo yaweza kuwa ilizaliwa na neno hilohilo, hata Kilwa Kisiwani ikawa ni kusema kisiwa mara mbili? Fikra hii inavutia, lakini haifai kupitishwa kwa uzuri wake. Katika maandiko ya Ibn Battuta jina husomwa Kulwa, kwa dhuma, na yeyote atakaye kulifasiri ni lazima aeleze irabu hiyo kwanza. Asipoangalia atajikuta pengine katika Kisukuma na Kinyamwezi, ambako Kulwa ni pacha wa kwanza, nduguye Doto, yule ambaye Waswahili humwita Kurwa. Na hapo ataanza kutafuta mapacha katika nyumba ya masultani. Sauti zikilingana tu, asili inaweza kupatikana kwa jina lolote chini ya jua.

Majina ya namna nyingine hayataki safari hata kidogo. Mkomani iko Lamu, iko Mombasa pia. Palipokuwa na mikoma wenyeji walipaita penye mkoma, na sarufi yenyewe imeacha alama, ndiyo -ni ya mahali. Mnazi Mmoja ni jina la uwanja na hospitali ya Unguja, ni jina la viwanja vya Dar es Salaam ambapo Mwenge wa Uhuru umejengewa mnara wake, na ni jina la mji mdogo wa Lindi penye njia panda ya Mtwara na Masasi. Mtu hatasema kwamba Dar es Salaam iliupata mnazi wake kutoka Unguja. Minazi ni mingi, na mmoja uliobaki peke yake huonekana kwa mbali, ukatumiwa kuelekezea njia.

Hata hivyo jina hili lina jambo ambalo wapenda asili za majina hulipita bila kulitazama. Halina -ni, hakuna asemaye Mnazini Mmoja. Tena likitajwa kama mti hufuata ngeli ya mti: mnazi mmoja umeanguka. Likitajwa kama mahali huiacha ngeli hiyo: Mnazi Mmoja kumejaa watu, au Mnazi Mmoja imefungwa leo. Mzungumzaji hubadili upatanisho bila kufikiri, na kwa kubadili huko anashuhudia kwamba neno limekwisha kukatwa na mti wake. Kamusi isemayo kwamba maana ya Mnazi Mmoja ni mnazi mmoja imesema kweli isiyo na faida. Kilicho na faida ni kueleza mahali penyewe: kwamba uwanja wa Dar es Salaam, kwa mfano, uliachwa wazi na wakoloni ili kuutenga mtaa wa Wahindi na mitaa ya Waafrika, na kwamba jina la mti mmoja limefunika mpaka uliowagawa watu kwa rangi zao.

Kuhusu majina yaliyokutana kwa bahati, machache yatosha. Mafia ya Tanzania imo katika maandiko ya Wareno wa karne ya 16 kwa sura ya Monfia, karne tatu kabla ya genge la Sicilia kujulikana kwa jina lake, na wakaao Kilindoni wana haki ya kuchoshwa na mzaha huo. Pemba ni kisiwa, ni mji wa Msumbiji ulioitwa Porto Amélia mpaka uhuru wa mwaka 1975, na ni mji mdogo wa kusini mwa Zambia. Wenye kutafuta asili huweza kutaja kitenzi cha kupemba, yaani kuangua tunda kwa upembo. Wengine watataja mpemba, udongo mweupe wa lugha za magharibi. Kila mmoja atapata Pemba moja ya kumfaa, na hakuna neno moja litakalozitosha zote tatu.

Zikiisha namna hizo zote, hubaki Kariakoo, jina linalowashinda wapenda safari na wapenda miti kwa pamoja. Iko Kariakoo ya Dar es Salaam, mtaa wa soko kubwa. Iko Kariakoo ya Unguja, katika Ng'ambo, ambapo pana uwanja wa kuchezea watoto. Na iko ya Nairobi, ambayo huandikwa Kariokor, yenye soko, nyumba na makaburi. Asiyejua habari angeweza kutafuta koo la mtu, au koo la kuku atagaye, au hata koo za watu na milango yao. Lakini hakuna Kiswahili humo. Jina ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda ili kubeba chakula na risasi katika vita vyao na Wajerumani, kati ya mwaka 1914 na 1918.

Tofauti ya maandishi yafaa kuangaliwa, maana imewapotosha baadhi ya watu wakadhani kwamba maneno ni mawili. Katika neno corps Waingereza hawatamki p wala s, na wengi wao hata r hawaitamki; lisikikalo ni o ndefu. Sikio la Mswahili liliipokea o hiyo kama ilivyo, na mwandiko wa Kiswahili ukaiandika kwa herufi mbili, kama katika choo na moo. Sura ya Kariokor inatokana na desturi ya Waingereza ya kuandika -or kwa sauti hiyohiyo. Kwa hiyo r ya Nairobi ni ya kalamu. Ni kosa kuisahihisha Nairobi kwa kuifuata Dar es Salaam, na ni kosa kubwa zaidi kuisahihisha Dar es Salaam kwa kuirudisha kwenye Kiingereza.

Kariakoo hizi hazikuzaana. Ile ya Dar es Salaam ilipata jina baada ya Waingereza kuutwaa mji Septemba 1916 na kuwaweka wapagazi hapo. Ile ya Nairobi ilikuwa kambi yao huko bara. Unguja nayo ilitoa wapagazi wake. Hakuna aliyehamisha jina kutoka mji mmoja hadi mwingine, wala hapakuwa na mti au kisima kilicholeta mfanano. Tukio moja liliwapitia watu wa nchi tatu, na kila mji ukaliandika ardhini kwa mkono wake. Mfanano wa namna hii ndio ulio na habari nyingi kuliko yote, nao ndio usiopewa nafasi katika faharasa za majina, ambazo huweka Kariakoo, nukta, mtaa wa Dar es Salaam, kisha zikaendelea na herufi nyingine.

Habari zenyewe si ndogo. Wanaume walikusanywa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu kwa hesabu za serikali yenyewe, na aghalabu hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa na njaa. Geoffrey Hodges aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1986. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hali hiyo jina la mtaa limefanya kazi ambayo mawe hayakuifanya. Katika sanamu ya Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, ni ya askari peke yake, ameshika bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini tu, ambayo wapitao hawayasomi. Lakini wapitao haohao hutamka jina la kikosi cha wapagazi kila siku, waendapo kununua nguo na vyungu, na dereva wa daladala hulipiga ukelele toka alfajiri. Soko lenyewe lilijengwa upya, likafunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na jina halikutikisika.

Kamusi za matumizi, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ni kamusi za maneno, na kwa jumla majina ya mahali yameachwa nje. Sacleux, naye wa mwaka 1939, aliyaingiza mengi, lakini kamusi yake ni ya Kifaransa na nakala zake ni adimu. Faharasa itakayotungwa kwa Kiswahili itabidi iwe na vidahizo vitatu vya Kariakoo, kila kimoja na mwaka wake na mwandiko wake, na vitatu vya Kilwa ya pwani kabla ya kuigusa ile ya ziwani. Na katika kidahizo cha Kivinje iandikwe wazi kwamba ndiyo Kilwa iliyotajwa na wasafiri wengi wa karne ya 19, ili mwanafunzi asipelekwe tena ng'ambo ya maji kutafuta soko ambalo lilikuwa upande aliosimama.